Kisogo cha Kapteni Kidundo

Je, umewahi kupandishwa angani ukaoneshwa kisogo? Kisogo cha mtu mzima, kinene, chenye mikunjo na kovu la jipu la zamani, safari nzima ya kwenda juu na kurudi chini, kisha ukishuka unapewa kipaza sauti useme umeona dunia? Kama hujawahi, basi hukuzaliwa katika nchi hii inayosimuliwa hapa, na ushukuru. Jina la nchi yenyewe halitajwi. Kulitaja kunahitaji kibali, kibali hutolewa Jumatano, na bwana aliyekuwa akikitoa alistaafu akaondoka na mhuri, kwa kuwa walikuwa wamezoeana.

Nchi hiyo ina milima iliyosimama kama ukuta, na upepo ukifika pale hauna pa kwenda ila kupanda. Mwewe hushinda juu ya ukuta ule kutwa bila kupiga bawa. Serikali ilipoishiwa mafuta ya ndege zake, Waziri wa Anga, Mheshimiwa Tutumbe, aliwatazama mwewe wale kutoka barazani kwake, kikombe cha chai mkononi, akauliza, "Hawa wanajaza mafuta wapi?" Alipoambiwa hawajazi popote, alitangaza kabla chai haijapoa kwamba taifa zima litajifunza kuruka kwa ndege zisizo na injini. Watu wakaziita ndege bubu. Lori moja la zamani lilizivuta kwa kamba ndefu mpaka zikainuka, kamba ikaachiwa, na kutoka hapo ni rubani na upepo wake.

Ndege zenyewe zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni Ngome. Hii ndiyo iliyochaguliwa kufundishia wageni wa mchezo, na haikuchaguliwa ovyo. Kamati ya Uteuzi ilikaa kwenye hoteli ya ziwani mpaka samaki wa ziwa wakapungua, ndipo ikatoa sababu zake. Ngome ni nzito, na kitu kizito kina heshima. Ngome ina paa la plaiwudi, kwa hiyo mwanafunzi hapigwi jua wala hababaishwi na mandhari. Na Ngome ikiachiwa kamba hurudi chini mara moja, hivyo wanafunzi wengi waweza kurushwa na kushushwa kabla ya chakula cha mchana. Ilinuka vitunguu, maana yaliwahi kuhifadhiwa humo mavuno ya mkuu wa wilaya, lakini Kamati ilieleza kwamba harufu hiyo humzoesha kijana ugumu wa maisha.

Ya pili ni Lulu. Nyeupe, nyembamba, mabawa marefu, na juu yake kioo kitupu, kuanzia kifuani mwa rubani wa mbele mpaka nyuma ya kichwa cha aliye nyuma. Hiyo ilikuwa zawadi kutoka nchi moja ya baridi, na kwa uzuri wake ikawekwa kwa ajili ya viongozi. Viongozi walikuja wakapigwa picha ubavuni mwake, mkono juu ya bawa. Hakuna aliyepanda, kwa kuwa ndani hamkuwa na nafasi ya mlinzi.

Wenye midomo walisema plaiwudi ya Ngome iliwekwa ili lisionekane bwawa la Waziri lililo nyuma ya mlima, lililokuwa limefurika mwaka ule ambao mabomba ya mji yalitoa hewa. Hayo ni maneno ya watu. Bwawa lilikuwa nyuma ya mlima kwa sababu nyuma ya mlima ndiko kulikokuwa na nafasi.

*

Katika nchi hiyo mkubwa hukaa mbele. Ndiyo desturi, na wameishika barabara. Foleni ya hospitali hupangwa kwa vyeo, siyo kwa ugonjwa. Msibani maiti hutangulia, lakini kama marehemu alikuwa karani na kuna mkurugenzi msibani, mkurugenzi hutangulia. Basi ndege za kufundishia, ambazo kwingine mwanafunzi hukaa mbele aone na mwalimu nyuma amwangalie, huko ziligeuzwa zikafuata adabu. Mwalimu mbele. Mwanafunzi nyuma, na usukani wake umefungwa kwa kamba ya katani, asije akashika kitu mbele ya mkubwa wake.

Mwalimu mkuu alikuwa Kapteni Kidundo, mtu mpana, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi asubuhi na jioni. Yeye ndiye aliyeziandika sifa za Ngome, kwa hati nzuri, na ndiye aliyeandika utaratibu wa viti. Mbele yake alikuwa na kidirisha sawa na cha kuuzia tiketi. Nyuma yake palikuwa na yeye mwenyewe.

Siku moja akaja binti aitwaye Sikudhani, mtoto wa Fundi Mbaruku mshona nguo. Binti huyu alikuwa amekua akianika mahindi uani huku anawatazama mwewe, mpaka mboga za mama yake zinaungua jikoni na kuku wanakula mahindi. Siku ya kwenda uwanjani baba yake alimshonea gauni la buluu lenye mifuko miwili.

"Huu wa leso," Fundi alimwambia, akiuma uzi kwa meno. "Na huu wa kunitilia utakachokiona huko juu. Usirudi nao mtupu."

Sikudhani akapanda Ngome. Akavutwa. Masikio yaliziba, vitunguu vikanuka, na mbele yake kikatulia kisogo cha Kapteni Kidundo, kina jasho jembamba kwenye mkunjo wa chini. Alijaribu kuchungulia kulia, akaona bega. Akachungulia kushoto, akaona bega la pili. Kisogo kiliegemea upande mmoja, ndege ikageuka. Kisogo kikanyooka, ndege ikagonga ardhi. Wakawa wamefika.

"Kapteni, shikamoo," alisema aliposhuka. "Nilikuwa naomba safari moja tu nikae mbele, nione."

"Marahaba. Mbele hukaliwa na waliofika."

"Nitafikaje, na huko nyuma sioni ninakokwenda?"

Kapteni alimpa kipaza sauti. Utaratibu ulikuwa kwamba kila mgeni akishuka atamke mbele ya watu wote: Nimeona kila kitu, ahsante serikali. Wenzake walikuwa wameshasema, wakaenda zao kunywa sharubati. Sikudhani akakishika kipaza sauti, akafikiria mfuko wa baba yake, akasema, "Nimeona kisogo."

Uwanja mzima uliangua kicheko, hata dereva wa lori. Kapteni Kidundo alingoja kicheko kiishe, kisha akaagiza binti asimame pale pale kwenye kipaza sauti, juani, mpaka aone vizuri. Akasimama. Wageni wengine wakarushwa, wakashuka, wakasema maneno yao ubavuni mwake, wakaondoka. Jua likamzunguka. Mwishoni wakatuma mtu kwenda kumwita baba yake.

Fundi Mbaruku alikuja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alimwamkia Kapteni aliyekuwa mdogo kwake, akamwomba radhi, akamwomba radhi tena kwa sababu ya kwanza haikusikika vizuri. Kisha akamgeukia mtoto wake.

"Sema, mwanangu, twende nyumbani."

Sikudhani akasema. Nimeona kila kitu, ahsante serikali. Njiani baba yake alimshika mkono na hakumuuliza chochote, na kutomuuliza huko ndiko kulikomchoma. Mji haukuwa na adabu hiyo. Watu walipita dukani kwa Fundi wakisema, "Nipime kifua, kiuno, na usisahau kisogo." Kwenye bomba, wanawake wenziwe walimpokea kwa, "Shoga, leo umeona nini?"

Hakulia. Alilikunja gauni lile la buluu, akaliweka chini ya godoro, akaanza kungoja.

*

Sasa, serikali ilikuwa na shida. Wageni walikuja wengi, kwa kuwa vijana wa nchi ile hawakuwa na kazi, lakini aliyepanda Ngome mara moja hakurudi tena. Akiulizwa, anasema ana mafua.

Kisha Ngome ikavunjika gurudumu siku ambayo Kapteni Kidundo alikuwa amekwenda kupokea nishani. Wageni walikuwa wameshajipanga, na wakati huo pembeni ya uwanja aliishi Bwana Anselmi, fundi wa kuruka aliyeletwa pamoja na Lulu ili awafundishe viongozi. Viongozi hawakutokea kufundishwa, hakuna aliyekumbuka kumrudisha kwao, naye akaoa hapo hapo na kulima kabichi. Bwana huyu aliona watu wamesimama bure na ndege imesimama bure. Akawarusha kwa Lulu, mmoja mmoja, mgeni mbele, yeye nyuma.

Kesho yake kabla ya adhana wale wageni walikuwa wamerudi. Tena hawakurudi peke yao, walikuja na dada zao, na mashemeji, na bibi mmoja aliyebebwa mgongoni. Walilala langoni. Mmoja alikuwa akichora mawingu kwenye vumbi kwa kidole.

Wizara ilishtuka ikatuma madaktari. Madaktari waliwapima wale vijana ndimi na makwapa, wakaandika kwamba ni ugonjwa mpya, Ugonjwa wa Kurudi, unaambukiza kupitia kioo. Vijana wakatengwa kwa muda katika ghala la pamba. Lulu ikafungiwa bandani, ikavalishwa mapazia mazito, na Bwana Anselmi akaamriwa akifute kioo chake kila Ijumaa kwa ndimu na magazeti, asiiguse vinginevyo.

Ndipo ikaundwa Tume ya kuchunguza kwa nini vijana hawapendi kuruka. Mwenyekiti alikuwa Kapteni Kidundo. Tume ilizunguka nchi nzima, ikala mbuzi wa kila mkoa, ikagundua kwamba Ngome ndiyo ndege bora duniani na vijana hawana uzalendo. Dawa yake ni vyeo. Mgeni atakayerudi mara ya pili, ilisema Tume, apewe cheo. Akirudi tena, apewe kikubwa zaidi. Na iendelee hivyo. Kuishia wapi hawakuandika. Kwa kuijua Ngome, hakuna mjumbe aliyeona kwamba swali hilo lina haja ya kuulizwa.

Tangazo lilisomwa redioni. Sikudhani alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini polepole.

*

Akarudi uwanjani. Kapteni alimtambua.

"Wewe si yule wa macho?"

"Ndiye mimi, Kapteni. Nimekuja kuona tena kila kitu."

Akapanda. Kisogo. Akashuka, akasema maneno yake kwenye kipaza sauti kwa sauti safi ya mtoto wa shule, akawa Mrukaji Mtiifu. Wiki iliyofuata, kisogo, akawa Mrukaji Mtiifu Sana. Masika yakapita na kiangazi kikaja, mwaka baada ya mwaka. Akawa Mtukufu wa Mawingu ya Chini, akapewa kitambaa cha kuvaa begani. Baba yake alikuwa akivishona vitambaa hivyo bila kuuliza, na Kapteni alimwona binti ameshakuwa mpole, akamsifia kwa wageni kama mfano wa ujinga uliotibika.

Alichosahau Kapteni ni kwamba Mtukufu wa Mawingu ya Chini ni kiongozi, na kiongozi ana haki ya kupita nyuma ya mapazia. Askari wa banda alikiangalia kitambaa cha begani, akapiga saluti, akafungua. Humo Sikudhani alimkuta Bwana Anselmi na ndimu yake.

"Ningoje viongozi mpaka nizeeke," Bwana Anselmi alisema, "kumbe kiongozi mwenyewe anatoka sokoni na kapu. Karibu mama, ingia. Hapana, siyo huko. Kaa mbele."

Alikuwa na manung'uniko yake mawili. La kwanza, kabichi zinaliwa na ngedere. La pili, kila Ijumaa akifuta kioo hukuta alama ya paji la uso, pana, lenye mstari katikati, kama mtu alikuja peke yake akaegemeza kichwa pale na kuchungulia ndani. "Nafuta, linarudi. Askari anasema haoni mtu. Askari anaona wenye cheo kidogo tu."

Wakaruka siku ambazo Kapteni alikuwa kwenye mikutano, na Kapteni alipenda mikutano. Siku ya kwanza Sikudhani aliona kiwanja chao, na mahindi uani kama shuka la njano, na baba yake mlangoni mdogo kama kifungo. Aliona bwawa la Waziri na bata juu yake. Mwewe alikuja akaruka ubavuni kabisa, akamgeuzia jicho. Sikudhani aliweka mkono kwenye mfuko wa gauni lake la kazi, akaubana kama mtu aliyeshika kitu kinachoweza kumponyoka.

"Usihangaike na ndege," Bwana Anselmi alimfundisha. "Hangaika na mahali. Nenda walipo mwewe, karibu na mwamba. Pale hata mlango wa choo ungeelea."

"Hata Ngome?"

Bwana Anselmi alifikiri. "Hata Ngome. Ila yule bwana akiachiwa kamba tu, anageuza kurudi mezani."

*

Sikukuu ya Anga ikafika. Waziri Tutumbe aliwaalika mabalozi waje kuona jinsi vijana wanavyoupenda mchezo, na langoni paliletwa vijana kwa malori ili wapende. Jukwaani Sikudhani angepandishwa cheo cha mwisho, kwa kuwa vyote vya chini yake alikuwa amevimaliza, na wizara ilikibuni usiku wa kuamkia: Jemadari Mkuu wa Upepo wa Taifa. Juu ya hicho palibaki Rais na Mungu.

Siku moja kabla, alilitoa gauni la buluu chini ya godoro, akampelekea baba yake.

"Baba, nataka kilemba."

Fundi Mbaruku alilitambua gauni. Alipitisha kidole kwenye ule mfuko wa pili. "Kikubwa kiasi gani?"

"Kiasi cha kuziba dirisha."

Fundi akachemsha wanga. Alikipiga wanga kilemba kile mpaka kikasimama chenyewe juu ya cherehani, na alikuwa akipiga mluzi, jambo ambalo halikusikika dukani mle miaka yote hiyo.

Waziri alimvisha Sikudhani utepe, mabalozi wakapiga makofi, kisha ikaja safari ya heshima. Kwa mujibu wa utaratibu, safari ya heshima ni kwa Ngome, mwalimu mkuu lazima awemo, na mkubwa hukaa mbele. Kapteni Kidundo alikuwa ameshaingiza mguu mmoja kwenye kiti chake cha siku zote.

"Kapteni," Sikudhani alisema, "shikamoo. Hapo pangu."

Kapteni alimtazama Waziri. "Mheshimiwa, huyu hajawahi hata kushika usukani."

"Amesoma kwako miaka," alisema Waziri. "Au hukumfundisha?"

"Nimemfundisha, Mheshimiwa, isipokuwa goti langu leo..."

"Kapteni. Mabalozi wanatazama. Utaratibu uliuandika wewe, na tuliusifu."

Akaenda nyuma. Usukani wake ulikuwa umefungwa katani, kwa fundo alilolifunga mwenyewe. Sikudhani akakaa mbele, na kilemba cha buluu kikagusa plaiwudi juu na mbavu za ndege pande zote. Lori likavuta. Kamba ikaachiwa. Badala ya kugeuza, alielekea kwenye mwamba, walipo mwewe, na Ngome, ambayo haikuwahi kuelea tangu iundwe, ikatetemeka, ikalia kama kitanda cha zamani, ikapanda.

"Mbona hatushuki?" sauti ilitoka nyuma.

"Una haraka ya chakula, Kapteni?"

"Tuko wapi?"

"Angani."

"Angani upande gani? Mimi huku naona kitambaa."

"Ni kitambaa kizuri. Kimeshonwa na Fundi Mbaruku, unamkumbuka? Alikuomba radhi mara mbili."

Harufu ya vitunguu ilikuwa imepamba moto kwa jua.

"Jemadari," Kapteni alisema baada ya muda, kwa adabu. "Hebu inamisha kichwa kidogo."

"Mkubwa hainamishi kichwa. Na hilo uliliandika wewe." Kisha akaanza kumsimulia, taratibu, bila kuacha kitu. "Bwawa la Waziri limejaa. Kuna bata, weupe na wawili madoadoa. Kivuli chetu kinapita juu ya maji. Sasa tuko usawa wa mwewe, ana manyoya mekundu mkiani, anatutazama. Lo, kumbe mto unazunguka kule kama utepe. Wewe ulikuwa unajua, Kapteni, kwamba mto unazunguka?"

Alimzungusha huko mpaka mabalozi walipomaliza biskuti na kuanza kuazimana miavuli. Kule chini wale vijana walioletwa kwa malori walikuwa wamesimama, vichwa juu, na hakuna aliyekuwa amewaamuru.

Ngome ilipotua, Kapteni alishuka ameloa. Alipewa kipaza sauti, kwa kuwa aliyekaa nyuma ndiye anayesema. Alikishika kwa mazoea.

"Nimeona kila kitu, ahsante serikali."

Alikuwa anakirudisha. Sikudhani hakukipokea. Mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa amekaa Fundi Mbaruku, futi shingoni.

"Taja kimoja," Sikudhani alisema.

"Nini?"

"Umeona kila kitu. Tutajie kimoja tu, twende nyumbani."

Kapteni alimgeukia Waziri, na Waziri, aliyesikia ikianza kunong'onwa kwenye malori kwamba Ngome ilipita juu ya bwawa lake, alikuwa anachunguza kiatu chake.

"Nimeona mlima."

"Ulikuwa upande gani?"

Kapteni aliinua mkono wa kulia, akaushusha, akainua wa kushoto. Kicheko kilianzia kwa dereva wa lori. Kikapanda kwa wanawake wa bombani, kikafika kwa mabalozi, ambao hawakuelewa lakini walifurahi. "Shoga, leo umeona nini?" mmoja wa wanawake wale aliuliza kwa nguvu.

"Nimeona kilemba," alisema Kapteni.

"Haya, simama hapo mpaka uone vizuri," alisema Sikudhani.

Akasimama. Jua lilikuwa upande wa uso wake. Sikudhani alikuwa ameisubiri saa hii kwa muda mrefu, na hakuifupisha. Alimtazama jasho likimshuka, akamwacha. Watu walicheka mpaka wakachoka, wakabaki wanamtazama tu, naye hapakuwa na mtu wa kuitwa kuja kumwombea. Mwishoni joto lilimshinda, akavua kofia. Hapakuwa na aliyewahi kumwona bila kofia. Paji la uso lilikuwa pana, na kofia ilikuwa imelichora mstari katikati.

Bwana Anselmi, aliyesimama nyuma ya watu na kabichi mkononi, aliacha kutafuna.

Kapteni Kidundo alikisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. Hakumtazama Waziri, wala Sikudhani. Alitazama kule bandani, kwenye mapazia.

"Hii Ngome sikuitaka," alisema. "Niliisifu kwa sababu nilipewa. Tangu siku ile inaletwa, mimi nilikuwa nataka kupanda ile ya kioo."